Mkono Nilioshindwa Kuunyoosha

Mjukuu wangu Anastazia,

Marahaba. Bibi yako anasema ulezi umevunwa. Mimi bado nabeba magunia huku Mbeya, mgongo umechoka.

Unauliza kwa nini wenzako kazini wananyamaza bosi anapowashikashika. Enzi za ujamaa, kijijini kwetu karibu na Matai, msimamizi wa shamba la kijiji alimshika kwa nguvu ghalani Federika, msichana tuliyelima naye. Malalamiko yalipitia kwa balozi wa nyumba kumi, na balozi alikuwa yeye huyohuyo. Federika akayasema mkutanoni. Msimamizi akacheka: "Haya, dada, nani aliona? Anyooshe mkono."

Mimi niliona. Nikatazama jembe langu.

Federika alihamia Wampembe bila kutuaga. Watu wakasema kazi ilimshinda, nami nikaitikia. Usiwalaumu wanaonyamaza, mjukuu wangu. Waulize nani alikuwa karibu.

Babu yako