Wiki ya Terminal Kukwama

Jumatatu, 3 Machi
Tangu asubuhi ni hivi. Mwanafunzi anafungua terminal, pale pa kuandikia kompyuta amri, dirisha jeusi linatokea, halafu basi. Hakuna mahali pa kuandika. Unaweza kwenda kuchota maji ukarudi, bado iko vile. Maabara yote iko hivyo. Mkuu wa idara, Bwana Mutua, ameambia Principal ni mimi fundi wa maabara nimeharibu, eti juu ya zile programu nilisasisha wikendi. Mtihani wa vitendo ni Ijumaa. Nirekebishe ama nitafute kazi kwingine. Nimefika nyumbani Kitengela na hasira mpaka bwana wangu sijamsalimia vizuri.

Jumanne, 4 Machi
Nimerudisha programu za zamani. Bado. Naserian, msichana wa Ewuaso anayerudia mtihani, amelia mbele ya skrini. Aliniuliza kama atafeli juu ya mashine.  Mutua alipita, akatikisa kichwa. Namchukia.

Jumatano, 5 Machi
Nilichomoa waya wa mtandao kwa mashine moja, nikaingia na akaunti ya mashine yenyewe. Terminal ikafunguka papo hapo. Kumbe mashine ni nzima. Nikarudisha waya, nikaingia na akaunti ya mwanafunzi, nikaamuru ionyeshe kila mstari inaosoma ikianza. Ilikwama kwa mmoja tu, ule unaoiambia itafute programu kwa seva, ile kompyuta kuu, ya jengo la zamani. Inaita, inangoja, haijibiwi.
Nikapigia askari wa lile jengo. Seva ilizimwa Jumamosi, ikabebwa. Na nani? Na Mutua.


Alhamisi, 6 Machi
Nimefuta ule mstari kwa faili inayosomwa na akaunti zote za wanafunzi. Terminal zote zinafunguka mara moja. Nikaenda ofisini kwa Mutua, nikamwambia najua ni yeye alibeba seva. Hakubisha.
"Nilishuku ni seva tangu Jumatatu," alisema. "Nikaogopa."
Aliogopa. Na mimi je? Niko na watoto.
"Kesho utamwambia Principal wewe mwenyewe," nikamwambia. "Nikiwa hapo."

Ijumaa, 7 Machi
Mtihani umeisha salama. Naserian alitoka akicheka na wenzake.
Mutua alisema ukweli, kwa sauti ya chini, macho kwa meza. Principal akasema sawa, akahamia mambo ya tangi la maji la chuo. Hakuna aliyeniomba msamaha.
Jioni Mutua alinikuta kwa lango, akaniambia niende salama. Nikaitikia. Sikuwa na kingine cha kumpa.