Matawi Mlangoni Petu

Jumapili, 8 Septemba
Mimi ni mke wa Villads! Naandika tena: mke wa Villads! Juzi majirani walitupambia mlango kwa matawi ya msonobari, kama desturi ya huku kwa maharusi wote. Na jana — ajabu! Villads mwenye uoni hafifu alipanda ngazi akaja moja kwa moja, bila kupapasa ukuta. "Nimeuona, mke wangu! Kijani kwenye weupe!" Nililia hadi wanja ukachuruzika.

Jumatano, 11 Septemba
Jengo letu ni jeupe tupu: ngazi, kuta, milango. Eti lilipata tuzo. Kwa Villads ni kutembea ndani ya maziwa. Mwezi uliopita alikosa kidato cha ngazi, akapasuka paji la uso. Sasa anarudi kutoka kazini akipiga mluzi! Jirani Preben, ambaye Villads alizoea kuufungua mlango wake kwa makosa, anamtania, "Bwana harusi, siku hizi huji kufungua mlango wangu? Nimekukosea nini?"

Jumatatu, 16 Septemba
Matawi yamekauka. Gudrun, mwenyekiti wa wakazi wa jengo, anataka yaondoke mwezi huu, yasije yakashika moto. Nimemsihi: basi tupake fremu ya mlango kijani, na kingo za ngazi mistari myeusi. Akasema, "Bibi harusi, lete hoja hiyo kwenye mkutano wa wakazi."

Alhamisi, 26 Septemba
Mkutano. Kahawa, keki, kila mtu akimkumbatia Villads wangu. Wanampenda! Kisha wakanyoosha mikono — kukataa. Gudrun alisema mistari itaziua ngazi zile, mbunifu wa jengo alizichora zifanane na mwanga. Preben naye, "Villads, una mke sasa. Si atakushika mkono?" Kicheko. Villads alicheka pia. Nyumbani hakugusa chakula.

Ijumaa, 27 Septemba
Matawi yameondolewa asubuhi. Nilitundika skafu yangu ya kijani mlangoni badala yake. Mchana nimeikuta imekunjwa vizuri juu ya zulia la mlangoni. Kwa adabu kabisa!
Villads ameniapisha nisitoke kumpokea. "Nilioa mke, mpenzi, sikuajiri mshika mkono." Nikaapa, nikambusu.
Amefika. Hakuna mluzi. Nimesimama nyuma ya mlango, naandika ili nisiufungue. Kiganja chake kinapapasa ukuta — kinakuja — kimepita mlango wetu! Anacheka peke yake, kile kicheko cha mkutanoni. Amegeuka. Huko ni ngazi za kushuka, mpenzi. Mguu wake unatafuta sakafu, nausikia, na mimi nimeapa, mkono uko kwenye kitasa na