Mbweha wa Jette

Jette, Bruxelles, 9 Mei 1995

Papa mupenzi,

Nakusalimia, wewe na mama. Miguu yako ingali inauma? Siye tulikuwa muzuri mpaka juzi.

Papa, niko na woga. Mu kipori nyuma ya nyumba kunaishi renard, mbweha mwekundu wa huku. Juzi aliingia mu bustani mchana kweupe, hakuogopa muntu. Mujukuu wako Jémima akamunyooshea mukate, mbweha akamuluma kidole. Nikasikia tu: "Maman, damu!"

Docteur ameanza kumuchoma sindano za kichaa cha mbwa. Anasema mutoto atapona. Lakini mimi namuona kaka yangu mukubwa, yaya Donatien, namna alikuwa anakimbia maji kabla ya kufa. Jémima akikataa kunywa, namubembeleza na kijiko mpaka anameza. Ile mbwa iliyomuluma yaya ilikuwa namna gani? Père Hervé, padri wetu, anasafiri kesho kuja Butembo, atakuletea hii barua. Unijibu mbio.

Binti yako,
Kasoki

Butembo, 19 Mei 1995

Mama Jémima,

Siye tuko. Miguu ni uzee tu. Mama yako hajala tangu père afike na habari yako.

Ile mbwa ilitembea kama mulevi, mate inamwangika, ikaluma hata muti. Donatien hakupata sindano, hapa hazikuwako. Jémima anapata. Usiache hata moja!

Tena unielezee: uyo mbweha alikula mukate, ao aliubeba? Mwenye watoto anatoka mchana sababu ya njaa yao. Kama aliubeba, pengine haiko mugonjwa.

Papa yako,
Polycarpe

Jette, 2 Juni 1995

Papa,

Salamu kwenu wote. Mwambie mama ale: Jémima anakula, anakunywa, imebaki sindano moja, docteur anataka azimalize zote. Lakini akikohoa tu, ninaruka.

Aliubeba, Papa. Nilimuona. Lakini barua yako ilifika nimekwisha kuita watu wa mitego. Nilikuwa nimewaambia, "Mumuue, tafadhali." Bon, wakamukamata, wakamuua, siku moja kabla barua ifike. Wamepima ubongo, hakuwa na ugonjwa. Alikuwa ananyonyesha.

Vitoto viko mu shimo karibu na ua wetu. Jana jioni dume alileta panya mu kinywa, akaiweka chini, akaita pole pole. Vitoto vikatoka, vikanyang'anyana. Yeye hakula. Alizunguka shimo, akaita tena.

"Maman, anaita nani?"

Nilifunga dirisha. Mutoto angali anauliza.

Binti yako,
Kasoki