Swali Lililoulizwa Mara Moja

Dada Umi,

Huku Voi hatujambo, na yule mbuzi wako amezaa pacha. Naanza na mbuzi kwa sababu hili jingine halisemeki.

Mahakama imempa Amin mtoto. Nasiha atakaa na babake Werugha, mimi nimwone wikendi tu!

Unajua tulivyomfunza: akikaribishwa kitu kwa watu, kwanza akatae kwa adabu, apokee akikaribishwa tena. Basi hakimu akamwinamia, akamuuliza kwa upole, "Ungependa kukaa na mama?"

Mwanangu akatabasamu. "La, ahsante."

Hakimu akaandika.

Tulipotoka nje akanivuta buibui: "Mama, mbona hakuniuliza tena?"

Mdogo wako,
Sumayya