Nta Kwenye Unyayo

Jumatatu, 5 Machi 1951
Nimechuja asali tangu asubuhi. Mikono inanata. Juma, mume wangu, amerudi kutoka Basotu alikokwenda kununua nta kwa wafugaji wa ng'ombe wanaorina asali. Huko zizini kakanyaga msumari. Umeingia ndani sana. Damu kidogo tu. Anachechemea na kunitania kwamba sasa hata mimi nitamshinda mbio.

Jumanne, 6 Machi
Ameyeyusha nta, akaidondoshea tunduni, kama tunavyoziba madebe ya asali. Kisichopata hewa hakiozi. Ndivyo tujuavyo hapa dukani. Unyayo nimeushika mimi. Jioni alitembea vizuri.

Jumatano, 14 Machi
Taya limemkaza. Ugali haupiti. Namnywesha uji pembeni mwa mdomo. Eti alilala vibaya. Naogopa.

Alhamisi, 15 Machi
Amekuja Mzee Bakari wa zahanati ya hapa Dongobesh. Nilimpa shikamoo, hakuitikia. Alikuwa ameshaona mgongo wa Juma ulivyopinda. Pepopunda. Akabandua nta. Chini yake nyama nyeusi, inanuka.

“Mama Zena, mdudu wa ugonjwa huu hapendi hewa,” akasema. “Mmemfungia ndani, kastawi. Tundu kama hili huoshwa, likaachwa wazi.”

Hakusema kwa ukali. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 16 Machi
Sindano iko Mbulu. Mvua haikatiki. Lori la kumpeleka limenasa kwenye tope, hata nusu ya njia halijafika kuja huku. Naichukia mvua. Nauchukia mkono wangu.

Sauti yoyote inamkaza mwili mzima. Kijiko kikianguka. Mtoto akikohoa. Jogoo nimemchinja. Watoto nimewakataza hata kunong'ona.

Jumamosi, 17 Machi
Hasemi, lakini akili anazo zote. Macho yananifuata chumbani. Hilo ndilo baya kuliko yote. Naomba iishe, kisha naomba nisamehewe kwa kuomba hivyo.

Jumapili, 18 Machi
Amefariki alfajiri. Tumemzika baada ya adhuhuri. Lori halijafika.

Jumanne, 27 Machi
Jua leo. Niko ndani, eda yangu ndiyo kwanza imeanza. Zena ameangusha bakuli, likavunjika. Watoto wote watatu wakasimama, wakautazama mlango wa chumbani, hawapumui.

Nimewaambia wanangu, pigeni kelele tu, sasa hakuna neno.

Wakainama kuokota vigae, kimoja kimoja, wasigonganishe.