Dirisha la Pili la Choo

Ouma, omera, ndugu yangu,

Ulikosea. Naanza na hilo kwa sababu najua ungetaka nianze na salamu, nikuulize huko uliko hali ikoje, na mimi subira hiyo sina. Behewa la daraja la tatu lina vyoo viwili, kimoja kila mwisho. Nimeliona kwa macho yangu Kisumu, limeachwa kwenye reli ya kando, nyasi zimefika madirishani. Nilimbembeleza askari wa pale mpaka akaniruhusu kuingia. Nimekaa juu ya hicho choo cha pili, suruali ikiwa juu, usicheke, nikakutukana kwa Kikuria mpaka askari akaja kuuliza naongea na nani.

Nikamwambia naongea na fundi wa meno wa Homa Bay. Akauliza yuko wapi. Nikasema tumeshamzika. Akanishika mkono akaniambia, "Shuka polepole, mzee, usije ukaanguka."

Watu bado wananiuliza ilianzaje, wanaume wawili wenye mvi kucheza na vigari. Nawaambia ni wewe. Yule daktari wa misheni alipofunga mizigo kurudi kwao alikuachia treni ya mwanawe, kichwa kimoja na mabehewa matatu, treni ya Ulaya, kijani kama kopo la dawa ya mbu. Mtu mwingine angewapa watoto. Wewe uliipandisha mezani katikati ya meno ya watu, ukaizunguka, ukasema, "Hii ni uongo." Ukataka iwe treni yetu ya Kisumu, ile ya zamani, mpaka msumari wa mwisho. Na kaunti zetu mbili hizi hazina reli hata ya kuanikia dagaa wa omena! Ukanipigia Migori kwa sababu nachora vibao vya maduka, na ulisikia mkono wangu hautetemeki. Ulisikia vibaya, lakini nilikuja.

Ulizikata ekseli kwa kile kimsumeno chako ukayasogeza magurudumu, maana reli yetu ya zamani ni nyembamba kuliko ya kwao. Pua ya kichwa uliijenga kwa plastiki ya ufizi wa bandia, ile ya pinki, na kabla sijaipaka rangi ilikuwa kama treni inayotaka kuuma mtu. Vyuma vya kushikilia pembeni ulivipinda kutoka waya wa meno. Mama mmoja wa Rangwe alingoja meno yake mpaka harusi ya bintiye ikapita, akatafuna nyama ya harusi kwa ufizi, kwa sababu waya wake ulikuwa kwenye treni. Alipokuja kulalamika ulimwonyesha treni. Ulifikiri ataelewa.

Na kwangu ulikuwa mkatili, tusidanganyane kwa vile umekufa. Behewa la kwanza nililipaka damu ya mzee chini na krimu juu, nikalileta nimelifunga kwa taulo kama mtoto wa kubatizwa. Uliligeuza mara moja, ukachukua kisu, ukalikwangua lote mimi nikiwa nimeketi hapo na soda yangu. "Hiyo ni rangi ya mlango wa baa, Marwa." Viti nilivyochonga ulivitia kwenye jiko la makaa, mkeo Akoth akachemshia chai. "Angalau sasa vimefanya kazi," ukasema, ukanimiminia kikombe. Nikakinywa. Mimi ni mtu wa namna hiyo.

Kisha tukafika kwenye choo. Wewe ulisema behewa la daraja la tatu lina choo kimoja tu, dirisha moja dogo la kioo cha ukungu, basi. Mimi nikasema ni viwili, na ninajua, kwa sababu safari moja tu niliyowahi kusafiri kwa treni tumbo lilinigeuka, mlango wa choo ukawa umefungwa, nikakimbia behewa zima nikishika ukuta mpaka mwisho wa pili, na Mungu aliniwekea kingine huko. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Ushahidi wako ni kuhara? Mkuria na treni wapi na wapi, omera? Nyinyi muulizwe habari ya ng'ombe."

Nilitoboa dirisha la pili ukiwa na wateja. Wiki iliyofuata nikalikuta umeliziba kwa ufizi wa pinki, umelisugua mpaka ukuta ukawa laini kama shavu. Nikachukua brashi zangu nikarudi Migori, nikaapa sirudi. Hukupiga simu. Sikupiga. Simu iliyofuata kutoka Homa Bay alipiga Akoth, na haikuwa habari ya choo.

Kwenye mazishi nilisimama nyuma na wageni. Akoth akaniita pembeni, na unamjua yule nyar Asumbi, binti wa kwao Asumbi, haongei mara mbili. Alisema, "Hiyo treni yenu ilinifanya mjane kabla Ouma hajafa." Halafu akanipa sanduku lenye treni. Alitaka nipake rangi palipochubuka, iwekwe kwenye kabati la kioo siku ya maombi ya kumbukumbu, watu waone ulichokuwa ukifanya na macho yako. "Lakini kazi yake usiguse," akasema. "Iwe kama alivyoiacha."

Ndiyo maana nilikuwa Kisumu. Nilifuata rangi. Na nilipoinuka kwenye kile choo, omera, mkono ulitoa simu wenyewe ukapiga namba yako. Nilitaka kukusikia ukibisha. Akapokea Akoth.

"Unampigia nani?"

"Ouma."

"Ouma yupi anashika simu, Marwa?"

Nikamweleza habari ya vyoo. Nilifikiri atacheka. Badala yake akaniambia kitu ulichomkataza kusema. Kwamba sukari ilikuwa ikiyala macho yako tangu lile behewa la kwanza, mpaka yakaisha. Kwamba ulikuwa ukifanya kazi kwa ncha za vidole, ya meno na ya treni, na siku nikija ulimwambia awashe taa ili nisishuku.

Basi sasa nakumbuka behewa la mwisho. Ulilipeleka karibu na mwanga, ukaliinamisha hivi na hivi, ukasema, "Sasa hapa umeipata rangi." Nilifika nyumbani nikamwamsha mke wangu kumwambia. Sifa moja niliyowahi kupata kwako, na ulinipa ukiwa huoni kitu. Asante sana, omera. Ungeninyamazia tu.

Na lile dirisha uliliziba hivyo hivyo, kwa vidole. Nilipitisha ukucha pale nikitafuta kiungo, sikukipata. Hakuna kazi uliyofanya nzuri kuliko hiyo, na ni uongo. Neno lako mwenyewe, lile la siku ya kwanza.

Nililikata. Keekee yako ya kutobolea meno, niliyoikuta ndani ya sanduku, ililia, harufu ya chumba chako ikajaa kwangu, nikaizima nikatoka nje. Nikarudi nikaiwasha. Vumbi la pinki lilinijaa kwenye nyusi.

Siku ya maombi padri alipomaliza, Akoth alifungua sanduku mbele ya ndugu zako. Hakuhitaji kuambiwa. Alitia kidole kwenye tundu.

"Nilikuambia usiguse."

"Alikosea, shemeji."

"Na wewe ukaona umshinde sasa, akiwa hawezi kujibu."

Nilisema ndiyo. Akapanga kichwa na mabehewa mawili kabatini, akafunga kwa ufunguo, akanirudishia la tatu. "Hili si lake. Enda nalo kwako."

Basi treni yako iko Homa Bay nyuma ya kioo, fupi, na wageni wanaisifu kwa sababu hawajui. Behewa la daraja la tatu liko Migori juu ya meza yangu ya vibao, sahihi, halina cha kulivuta. Shemeji akibadili nia nitalipeleka siku hiyo hiyo, hata kwa miguu. Lakini kuliziba tena, hapana. Hata uje ndotoni uniombe kwa upole, upole ambao hukuwa nao, nitakataa. Hiyo ndiyo ahadi niliyo nayo, nyingine sina.

Lala, Ouma. Lala vizuri.

Ni mimi rafiki yako,
Marwa