Mweusi wa Madhabahuni

Kolkata, siku moja baada ya sikukuu ya mungu wetu wa kike, Kali

Kaka Nirmalya,

Huku tu wazima, ila mimi nimefura kwa hasira. Yule Bi Hemlata aliyekuja juzi kumtazama binti yako Shyamoli, apate kumwoza mwanawe, alimaliza sahani nzima ya vitamu, akafuta mdomo, akasema mbele ya mtoto: "Ana adabu, lakini mweusi mno."

Kesho yake nikamkuta bibi huyo hekaluni, kifudifudi mbele ya sanamu ya Kali, naye Kali katoa ulimi wake mwekundu, mwili mweusi kama masizi. Eti bibi analia: "Mama yangu mweusi, mzuri kuliko wote!"

Sikujizuia. "Huyu je, bibi? Mbona humwambii amezidi weusi?" Watu wakaguna. Akajitanda sari yake, akaondoka bila kuaga.

Nilirudi nyumbani nikijiona shujaa, nikamsimulia Shyamoli. Hakucheka. Aliniuliza, "Shangazi, na wewe jana, kabla hajaja, ulinipaka poda nyeupe usoni ya nini?"

Tangu jana natafuta la kumjibu. Mwandikie mwanao, kaka.

Dada yako mwenye aibu,
Bakul